Huyu Amefaa Mtu

Sitakuapia. Nimewasikia wengi wakishika msahafu kisha wakasimulia uongo mtupu, kwa hiyo ukae bila kiapo changu. Nitakuambia tu kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, jua likiwa bado juu, na kamera ya siku ile ninayo hapa mezani. Ukitaka kuishika, njoo uishike. Tena ningependa sana uishike, na mwisho utajua kwa nini.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Malindi. Walimu wa Kiswahili tunachosha, najua. Mimi nilikuwa wa wale wanaomrekebisha mtu hata akiwa anapiga mayowe ya moto. Ukisema "kiti yangu", nakwambia "kiti changu", ndipo tuuzime moto. Marehemu mke wangu alinivumilia. Wengine hawakuweza.

Likizo moja, vita vya Serikali na wale waasi wa Kisomali walioitwa shifta vikiwa vimepamba moto, nikaenda Garissa kujifunza kupiga picha. Ndiyo, watu walikuwa wakitoka, mimi naingia. Lakini Fundi Athmani, mtu wa Siyu tuliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni, alikuwa na studio mjini pale. Wafanyabiashara wa vijijini walihitaji picha za vibali vya kusafiria, naye alikuwa akizunguka na Land Rover yake kuukuu kuwapiga. Akaniandikia: njoo nikufundishe picha za safarini, jua la huku halina mfano. Mimi nikaona ngamia, nikaona visima, nikaona picha zangu zimetundikwa ukuta mzima wa ofisi ya mwalimu mkuu. Nikapanda lori.

Kuzunguka bila mwenyeji hakukuwezekana, kwa hiyo tulikuwa na Gedi. Alikuwa mfugaji aliyehamia mtaa wa Waberi pale mjini, mtu mzima, mwembamba, anayejua kila kisima mpaka Wajir. Kiswahili chake ndicho kilichonitia wazimu. Picha kwake ilikuwa "bicha". Polepole ilikuwa "bolebole". Vita aliviita "fita".

"Fita mbaya, walaal," yaani ndugu yangu, aliniambia siku ya kwanza.

"Vita vibaya, Gedi. Vi-ba-ya."

"Haya, mwalimu. Fibaya." Akacheka, na fundi akacheka naye.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alikuwa ameninong'oneza, "Mchungeni huyo. Hawa hujui yupi ni yupi." Basi moyo wangu ukaingia mdudu. Gedi akienda haja, natazama saa. Akizungumza Kisomali na mchungaji njiani, nauliza, amesema nini? "Ameuliza mfua," ananijibu. Nilijua anataka kusema mvua. Lakini nani angeniambia kama mvua yenyewe si neno lao la siri? Ndivyo vita vinavyofanya. Mtu anakugawia maji yake ya kunywa, nawe unayanusa kwanza.

Sasa nikueleze kamera, maana bila kamera kisa hiki hakisimami. Ilikuwa ile ya macho mawili, unaishika kifuani na kuinama kutazama kioo kilicho juu yake. Kioo hicho hugeuza mambo. Mtu akienda kulia, humo ndani unamwona anakwenda kushoto. Mwanafunzi akitaka kumfuata, anageukia upande usio wake na mtu anapotea kabisa. Siku nne nzima nilikata watu nusu. Nilimpiga mzee mmoja sikio tu.

"Mkono wako bado unafikiri," fundi aliniambia huku ameshika mbavu. "Siku ukiacha kufikiri utageuka sawa, na hilo halimtoki mtu tena. Mimi hata mkiniamsha usingizini nitageuka sawa."

Yaweke maneno hayo.

Siku ya tano, alasiri, tulikuwa tukirudi mjini. Injini ilichemka, tukasimama kando ya laga, yaani mto mkavu wa huko, tungoje ipoe. Hapo ndipo yule bwana alipotokea. Sikumwona akija. Niliinua macho nikamkuta amesimama, kanzu nyeupe, kofia safi. Hana mnyama, hana kibuyu cha maji, hana hata vumbi miguuni. Katika nchi ile, niamini, mtu bila vumbi miguuni ni jambo la kushangaza kuliko mtu bila miguu.

"Masalkheri jamani," akasema. "Mwatoka wapi na jua hili?"

Kiswahili kile! Hakuna herufi iliyokosea njia. Siku tano nilikuwa nikila mchanga, sasa napewa halua. Fundi naye aliruka kama aliyeitwa na mamake.

"Ewe ndugu! Wewe wa wapi?"

"Wa huko huko kwenu," akajibu.

Hakutaja mji. Mimi niliyekuwa nikimshuku Gedi kwa neno mvua sikushuku jibu hilo. Mkononi alikuwa na kijiti, nikadhani ni mswaki, lakini hakukipeleka mdomoni hata mara moja. Alikuwa akijisugua nacho mkono, juu, chini, kama mtu mwenye upele.

Nikaomba niwapige picha yeye na fundi. Gedi akanishika bega. "Mwalimu, usibige. Usibige huyu." Nikajiambia, ahaa, kumbe wanajuana. Ni wenzake, hataki sura ionekane. Nikapiga makusudi. Yule bwana alisogea kidogo, nikageuka kumfuata, nikabonyeza.

Kisha akamwambia fundi kwamba nyuma ya kilima kuna kisima cha kale, na saa hiyo hasa jua huingia mpaka kwenye maji. Dakika kumi tu kwa miguu. Macho ya fundi yakang'aa, maana yule mtu ukimtajia mwanga umemmaliza. Akanyoosha mkono nimpe kamera.

Gedi akanijia karibu, mdomo sikioni, jicho lake likiwa kwenye kile kijiti. Akaninong'oneza maneno matatu.

"Huyu amefaa mtu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifanya kazi yangu. Nikasema kwa sauti, "Gedi, hata kusifu hujui? Sema: huyu ni mtu anayefaa."

"Asemaje?" fundi akauliza.

"Asema bwana huyu atatufaa."

Yule bwana ndiye aliyecheka wa kwanza. "Rafiki yenu ana macho," akasema.

Gedi akamrukia fundi akamshika mkono wa shati. Yule bwana akamwambia maneno mawili kwa Kisomali, taratibu, bila hasira, na Gedi akaachia kama aliyeungua. Wakaondoka. Unajua kwa nini sikuwafuata, mimi niliyesafiri kote huko kutafuta visima? Nilibaki kumlinda Gedi asitutoroke na gari.

Gedi alisimama akielekea kilimani akasoma Ayatul Kursi, ile aya ya kujikinga. Akimaliza anaanza tena. Sauti ilikuwa inamkatika. Nikajiambia, hata shifta ana woga wake.

Fundi alirudi peke yake, jua likikaribia kuzama. Nikamuuliza yule bwana yuko wapi, akasema ameshafika kwao. Kisima je? Kizuri. Hakuongeza neno, yeye ambaye angeweza kukusimulia kivuli cha birika kwa saa nzima. Kisha akasema, "Simameni niwapige nyinyi wawili." Akainamia kioo. Sisi tulikuwa kushoto kwake. Akageukia kulia. Akatupoteza. Akazidi kwenda kulia, akasita, akarudi, akapita tena. Akainua uso akatabasamu.

Lile lilikuwa kosa langu mimi, kosa la mwanafunzi. Lakini akili ya mtu ni wakili wake: nikasema jua limempiga, amechoka. Akanirushia ufunguo. "Endesha wewe." Hakuwahi kumpa mtu Land Rover yake. Akaketi nyuma, na nilipotazama kioo cha dereva nikamwona anajisugua mkono kwa kijiti, juu, chini.

Gedi alikataa kupanda. Nilimwita, nikamtisha, akarudi kinyumenyume mpaka vichakani. Kwenye kizuizi askari wakauliza mwenyeji yuko wapi. Nikajibu mimi, si mwingine: "Amekimbia, afande. Mlisema kweli."

Nilikaa Garissa siku mbili zaidi. Fundi hakugusa kamera, hakwenda msikitini, hakuniita jina langu. Nikadanganya kwamba shule inafunguliwa mapema nikaondoka. Sema niliogopa. Sawa, niliogopa, nikamwacha rafiki yangu na kitu nisichokijua. Baadaye jirani yake akaniandikia kwamba fundi amepanda lori la Mandera, amesema anakwenda Kutulo kupiga picha, na kamera ameiacha mezani. Akaniletea. Fundi hakuonekana tena. Mkewe kule Siyu mpaka anakufa hakujua kama akae eda au angoje mume.

Filamu niliisafisha mwenyewe. Ile picha ipo. Fundi Athmani ametoka mzima, anacheka, jino lake la pembeni linaonekana. Kando yake, kwa sababu nilikosea upande kama kawaida yangu, yule bwana nimemkata. Umebaki mkono tu na kijiti.

Miaka ikapita, nikastaafu. Siku moja sokoni Malindi nilikuwa nachagua shati kwa mama mmoja wa Kisomali. Nikalinyoosha shati kifuani nakadiria. Akaniita kwa heshima ya kwao, adeer, yaani ami. "Adeer, faa kwanza. Usinunue kabla ya kufaa."

Nikafungua mdomo nimrekebishe. Vaa, mama, si faa. Mdomo ukabaki wazi. Shati likanianguka.

Huyu amevaa mtu.

Alikuwa ameniambia! Wazi kabisa, sikioni. "Fita" si neno, kwa hiyo nililigeuza mwenyewe kuwa vita. Lakini kufaa ni neno, nami nikalipokea kwa mikono miwili nikalitia sarufi. Yule mama aliniketisha akanipa maji. Nilipomweleza, hakushangaa. Aliniambia kwao wanamwita qori ismaris, anayejisugua kijiti akageuka. Wengi husema hugeuka fisi. Wachache wao, akasema, hawataki fisi, wanataka mtu.

Wiki ile ile nikaenda Garissa na kamera yangu begani. Waberi imejaa mabati na maghorofa sasa, lakini jina la Gedi lilinifikisha mlangoni. Alifungua nusu, mzee, ndevu nyekundu za hina. Hakunipa mkono. Aliitazama mikono yangu kwanza.

"Gedi, ni mimi, mwalimu. Nimekuja kuomba radhi. Sasa nimeelewa ulichosema."

"Askari ilinishika," akasema. "Jela nimekaa mbaka fita ikaisha. Watoto yangu walikula kwa jirani."

Nikainamisha kichwa.

"Nyumba yangu hii. Mlango yangu. Kitabu yangu iko ndani." Akasema hayo polepole, moja moja, kisha akanyamaza, ananitazama.

Nami nikanyamaza. Tangu sokoni nilikuwa nimeapa sitamrekebisha mtu tena maisha yangu, sembuse Gedi. Niliona hiyo ndiyo adabu yenyewe. Machozi yalikuwa yananilenga.

Uso wake ukabadilika. Akarudi hatua moja nyuma.

"Mwalimu ile," akasema, "haiwezi kunyamaza."

Nilielewa nikiwa nimechelewa. Alikuwa akinipima. Mlango ukafungwa, komeo likagonga, nikasikia Ayatul Kursi kwa sauti ile ile ya kando ya laga. Nikagonga kwa ngumi zote mbili, mzee mzima nalia barabarani. "Mlango wangu, Gedi! Kitabu changu! Watoto wangu!"

Kisomo kikakoma.

"Hata ile nyingine ya laga," akasema kutoka ndani, "ilisema Kiswahili fizuri."

Hakufungua. Nilingoja mpaka adhana ya magharibi, nikaiacha picha ya fundi chini ya mlango, nikaondoka. Alifariki mwaka uliofuata, na radhi yake sikuipata.

Basi wewe unayenisikiliza, mtu akikuonya kwa lugha iliyopinda, usiinyooshe. Muulize tena, na mara ya tatu. Na mgeni akikujia mahali pasipo na nyayo, maneno yake matamu na miguu yake safi, usimuulize kwao wapi. Mpe kamera kama hii, usogee kando, utazame atageukia wapi. Mimi kila anayeingia humu ndani humpa kwanza, ingawa najua hata mwanafunzi hukosea.

Haya, ishike. Mimi nasogea huku.