Jina la Nanyama Kwenye Santuri

Walubengo hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Alifika Eldoret akiwa kibarua wa kung'oa visiki katika shamba la mzungu upande wa Turbo. Akaacha visiki akauza kuni, akaacha kuni akauza maharagwe, na kufikia mwaka wa hamsini na nne alikuwa na hoteli yake mwenyewe pale location, mtaa waliotengewa Waafrika, nyuma ya soko: meza chache, mabenchi, jiko, na mlango wa buluu. Rangi ile alipewa na fundi wa malori, mabaki ya kopo, baada ya kumbembeleza asubuhi nzima.

Aliyeleta wateja ni mkewe. Mandazi yake yalinukia mpaka kwenye foleni ya kinu cha posho. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nanyama, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Rael. Kwa Wabukusu jina la mke wa mtu halirushwirushwi njiani kama ganda la muwa, na huyu tena alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwenye kitambaa cheupe kichwani.

Siku za soko alikuja Murunga, mpiga gitaa. Desturi yake ilijulikana: ukitaka jina lako liingie wimboni, mpe kitu. Kwa mwanamume kitu hicho kilikuwa jogoo, maana mwanamume hasifiwi peke yake. Lazima atajwe baba, babu na ukoo mzima, na kazi hiyo ni ndefu. Habari zilipoenea kwamba Murunga ameitwa Nairobi kurekodi santuri, Walubengo alimkalisha karibu na jiko, akamwekea chai.

"Utanitia ndani?"

"Lete jogoo, Mzee."

"Jogoo mzima kwa wimbo mmoja? Na mwanamke je?"

"Mwanamke hatumhesabii ukoo. Chai na mandazi inatosha."

"Basi mtie mama. Sema Nanyama. Na mlango wa buluu nyuma ya soko, watu wasipotee. Tena useme hata Alhamisi, nikienda Hoey's Bridge kuchukua mahindi, yeye anabaki. Wanafikiri siku hiyo tumefunga."

"Yote hayo kwa chai?"

"Ongeza mandazi, bwana. Kula."

Nanyama alikuwa sokoni akichagua vitunguu. Hakuulizwa. Walubengo aliona amepata matangazo bure. Sisi wa biashara tunajua kwamba kitu cha bure kina mwenyewe, ila tu hajafika.

Santuri ilifika baada ya mavuno. Duka la Mhindi liliifungulia gramafoni mlangoni, na watu wakasimama barabarani:

*Nanyama wee, nifungulie mlango wa buluu,*
*Alhamisi mwenyewe yuko Hoey's Bridge.*
*Baridi ya Eldoret imenishika kiunoni,*
*nipashe moto kabla lori halijarudi.*

Gitaa lilikuwa tamu, huo ni ukweli. Hata waliotema mate walitema wakipiga mguu chini. Vibarua wa kiwanda cha mbao waliupiga mluzi, watoto waliuimba bombani. Padri akakataza usichezwe karibu na kanisa, na baada ya hapo hata wasio na gramafoni wakanunua santuri.

Alhamisi ya kwanza Walubengo alirudi akakuta maharagwe yamekwisha sufuriani, akafurahi. Aibu ilimfikia kwa kuchelewa, kama barua ya posta. Ilimfikia Jumatano iliyofuata, alipoona wateja hawaangalii vikombe. Walimwangalia mkewe, ambaye alikuwa akigawa chai huku amejifunga shuka mpaka kidevuni, ndani ya joto la jiko.

"Mzee," akasema Kipyego, mpakiaji wa malori, kijana wa mdomo mrefu, "kesho si Alhamisi? Hujatengeneza magunia?"

"Kunywa chai uende."

"Naenda, Mzee. Lakini nikisikia baridi nitarudi."

Benchi zima likacheka. Walubengo akachukua kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Usiku huo Nanyama alimwuliza swali moja tu. "Baba Rael, Murunga alijuaje Alhamisi?"

"Wenye magitaa wanajua kila kitu," akajibu, akageukia ukuta.

Asubuhi alikwenda kwa Mhindi akanunua santuri zote zilizobaki, akazivunjia nyuma ya choo. Alidhani amemaliza. Mhindi, alipoona mali imetoka yote kwa mara moja, alipeleka simu Nairobi aletewe sanduku zima. Hapo ndipo nilipomhurumia kidogo: mtu aliyeishi kwa kupima haja ya wateja, na sasa haja aliizidisha mwenyewe.

Kisha kamati ya kanisa ikamwita Nanyama. Ikiwa hangeweza kujieleza, angevua kitambaa, na mwanamke aliyevuliwa kitambaa mbele ya kanisa hurudishwa kwao na watu hata kama mume hajamfukuza. Jumapili baada ya ibada walibaki wote, akina mama upande wao. Mzee Wamalwa, mwenyekiti, hakuwa mkali. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama Rael, wimbo ni wimbo. Wahuni wanatukana kila mtu. Lakini huyu alijuaje siku ambayo mume wako hayupo?"

"Mzee, sijui."

"Hujui?"

"Hata mimi nimeuliza."

Mikono yake ikapanda taratibu kwenye fundo la kitambaa. Walubengo aliiona kutoka benchi la nyuma. Alikuwa bado anaweza kunyamaza. Angepoteza mke, lakini angebaki mtu aliyetendewa ubaya, na watu wangempa pole.

Akasimama. "Ni mimi nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Alhamisi. Mlango. Jina. Yote. Yeye mama hakuwepo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka wateja, Mzee."

Wamalwa akauliza, "Na jina lako? Mbona hukutoa lako?"

Walubengo akaikunja kofia mkononi. "Langu lilitaka jogoo."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, akajizuia. Akina mama hawakucheka. Nanyama aligeuka.

"Jogoo?" akasema. "Baba Rael, pale nyumbani majogoo wanapigana kwa kukosa nafasi."

Hakupaza sauti. Alishusha mikono, kitambaa kikabaki mahali pake, na hakuna mzee aliyekitaja tena. Kamati ilifungwa kwa maombi mafupi, kila mtu akiangalia viatu vyake.

Nje, watu hawakutawanyika. Walisimama vikundi vikundi kando ya njia. Walubengo alimgusa mkewe kiwiko.

"Tupitie nyuma, kwa kinu."

"Hapana. Tunapita hapa, sasa, kabla hawajaenda."

"Watacheka."

"Mimi wamenicheka tangu mavuno. Tangulia."

Akatangulia, kama wanaume wa siku zile walivyotembea mbele ya wake zao, isipokuwa yeye alikuwa anapelekwa. Kofia aliishika mkononi, na kila kikundi alichokifikia kilinyamaza kwanza, halafu, alipokwisha kupita, kikaanza kucheka. Kilipocheka, Nanyama aliwasalimu mmoja mmoja kwa jina, "Hamjambo, Mama Priscah. Hamjambo, Mama Jeruto," nao wakamjibu, "Hatujambo, Mama Rael."