Mchi Uliobaki Hewani

Leo hapa dukani Mtendeni nimenusa karanga zinazosagwa, mkono wangu ukainuka wenyewe.

Utotoni, siku moja niliruhusiwa kwa mara ya kwanza kutwanga karanga na mama na shangazi, michi mitatu kwenye kinu kimoja. Wimbo wa shangazi ndio uliotupa zamu. Sauti yake iliposhuka mwishoni, mchi wangu nao ulishuka. Nikajiona nimeshaujua wimbo. Mara, pale pale pa kuishusha sauti, akaipandisha. Mchi wangu ukabaki hewani.

Shangazi akacheka. "Ulidhani wimbo ni treni, lazima usimame kituo cha Igalula?"

"Rudia, shangazi. Rudia tena."

Mashine ya hapa dukani ina mlio mmoja tu. Karanga zangu nimeshapewa, lakini siondoki. Nasikiliza kama utapanda.