Chakula Nilichokirudisha Mlangoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, sufuria la wali wa moto lilisimama mbele ya mlango wangu, nami nikalirudisha huku njaa inanitetemesha. Nikiikumbuka siku hiyo natazama chini, hata kama niko peke yangu jikoni hapa Mbalizi.

Wewe unaondoka mwezi ujao kwenda kusoma nchi ya watu, na mimi shangazi yako sijawahi kukusimulia hili. Nimekuwa nikikuonyesha picha za mahafali tu. Ya wakati wa corona niliyaruka, kwa aibu.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili India. Ugonjwa ulipopamba moto, wanafunzi wenyeji walirudi makwao, hosteli ikabaki na sisi wageni, maana mipaka ilifungwa na ndege hakuna. Kantini ikafungwa. Maduka yalifunguliwa asubuhi kidogo, na baadhi ya watu walitutazama kana kwamba ugonjwa tuliuleta sisi, kwa hiyo hata kutoka kununua mkate kulitaka moyo. Chumbani nilikuwa na Chisomo, binti wa Kimalawi, mdogo kwangu, aliyeniita dada tangu siku ya kwanza na kunifuata kwa kila jambo. Mama akipiga simu kutoka Iringa kuuliza nimekula nini, nilimtajia vyakula mpaka mate yakanijaa mwenyewe.

Kisha Chisomo akashikwa na homa. Daktari alimpa dawa na kumsisitizia asizimeze tumbo likiwa tupu. Sisi tulikuwa tumebakiwa na majani ya chai.

Siku hiyo ndipo mlango ulipogongwa. Nje alisimama mama mmoja wa Kihindi amevaa barakoa, ameshika sufuria. Alinieleza kwa Kiingereza kwamba mama mkwe wake alizaliwa Iringa, na kaka wa huyo mama mkwe bado ana duka la vitambaa huko huko, mtaa wa Mlandege. Mama yangu alikwenda dukani kule akasema hali yangu haimpi usingizi, akaacha namba yangu na jina la hosteli. Kumbe uongo wangu wote wa kwenye simu mama hakuuamini hata kidogo! Uso ukaniwaka. Yule mama akauliza kama tumekula.

"Asante sana," nikamjibu, "tumeshiba."

Unajua tulivyolelewa. Kwa watu, karibu ya kwanza unakataa. Mwenyeji anasisitiza, unakataa tena kwa sauti ndogo, anakuvuta mkono, ndipo unakaa na kumega tonge kama vile unamsaidia. Mtoto anayekaa mara moja huitwa mlafi, na akifika nyumbani anafinywa. Basi nikasimama pale kwa adabu zangu zote, nikingoja kusisitizwa. Yule mama akatutakia afya njema, akashuka ngazi na sufuria lake. Ningeweza kumwita. Kwa aibu nikafunga mlango.

Nilipogeuka, Chisomo alikuwa ameketi kitandani, dawa ziko mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Dada," akasema, "mimi sijashiba."

Alilala akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mpaka kesho yake homa ilikuwa imepanda, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, nami nikaogopa kwamba nitampigia simu mama yake Malawi kumpa habari ambayo hakuna mzazi anataka kuipokea.

Simu ikalia. Sauti ya bibi kizee ikasema, "Kamwene!" Nikafikiri naota. Ni salamu ya kwetu, imetamkwa vilevile kama sokoni Iringa.

"Kamwene, bibi."

"Mkwe wangu anasema mmeshiba. Binti, mimi nimekulia Mlandege, 'nimeshiba' ya kwetu naijua. Yeye haijui. Huku mtu akisema ameshiba, basi ameshiba."

Nikamtazama Chisomo kitandani.

"Na aliona mtu amelala humo ndani. Ni mgonjwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa huyo naye ulimuuliza, au ulimshibia?"

Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye digrii. Nikasema, "Bibi, tuna njaa." Yalikuwa maneno mazito kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

"Haya. Fungua mlango, yupo anapanda ngazi."

Chisomo alikula, akameza dawa, akapona taratibu. Tangu hapo sisi wageni tukawa tunagongeana milango kila asubuhi, kila mtu anasema ukweli wake, nani ana homa, nani hana unga. Ndivyo tulivyovuka. Chisomo alinisamehe na tuliagana vizuri. Lakini baada ya siku ile hakuniita dada tena. Aliniita kwa jina.

Nasaha yangu ni hii. Adabu tuliyokufundisha ni njema hapa, ambako mwenyeji anajua zamu yake. Ugenini hakuna wa kukuvuta mkono. Ukiulizwa kama una shida, jibu mara ya kwanza, na jibu kweli. Na kama unaishi na mwenzako, usimjibie kabla hujageuka kumtazama.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuepushe na maradhi ya ugenini, akupe jirani wa kugonga mlango wako na ulimi mwepesi wa kumwambia nina njaa. Na yule mdogo atakayekuita dada huko, Mungu akujalie aendelee kukuita hivyo mpaka mwisho.