Githeri ya Matanga ya Baba

Wamama wa kanisa waliwahi kuja kumlilia baba yangu kabla hajafa.

Leo nimepita Makongeni, mbele ya nyumba yetu ya zamani, nikacheka peke yangu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mashine ya kiwanda ilimponda Baba mguu huko Industrial Area, na habari zilipofika mtaani zilisema amekufa.

Wamama wakaja na sufuria za githeri ya matanga, mahindi na maharagwe, wakiimba nyimbo za mazishi.

Mama ndio ametoka hospitalini, ameambiwa mguu umekatwa. Akasimama mlangoni, macho makavu.

"Mkombozi wangu yu hai, na mume wangu pia yu hai. Imbeni za shukrani!"

Wakaimba, aki, wapangaji wa ploti nzima wakatoka nje.

Nani mwingine hapa amelelewa na mama kama huyo?

Kesho yake Mama akambebea Baba ile githeri hospitalini. Mzee akala chakula cha matanga yake mwenyewe, akaomba kuongezwa.