Karibuni Kura

Kuna watu hapa Mpanda ambao mpaka leo wakiniona sokoni hunionyesha kidole kidogo kana kwamba kimepakwa wino wa kupigia kura, na siwezi kuwalaumu, maana aibu ile niliitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nikairusha mubashara kwa simu yangu mwenyewe.

Mimi nawafundisha akina mama wanaodarizi vitambaa. Zamani walikuwa wanajaza kitambaa kizima maua, jogoo, mioyo na maneno mpaka jicho halijui litue wapi, nikawashawishi wapunguze: pembeni pindo la vitu vya kwetu, yaani masuke ya mpunga, mahindi au twiga, na katikati sentensi moja tu. Nikawafundisha pia kupiga picha kwenye mwanga wa dirisha, kwa karibu sana ili mshono uonekane, na kupokea oda kwenye kundi letu la simu. Nikasisitiza (jamani, nilisisitiza) kwamba maneno ya mteja hayaguswi, yanashonwa kama yalivyotumwa, herufi kwa herufi.

Oda yetu kubwa ya kwanza ikatoka kwa Mama Tegemea, aliyekuwa anafungua mgahawa wenye vyumba vya kulala wageni. Alitaka vitambaa vya meza kwa siku ya ufunguzi, na alisema wazi kwamba wageni wakivipenda, mashuka, foronya na mapazia yote ya vyumbani ni yetu, na wasipovipenda ataagiza vya kiwandani. Maneno aliyotaka yalikuwa mawili tu: Karibuni kula.

Siku hiyo nilikuwa nyuma ya bodaboda natoka Mwamkulu, nimekumbatia robota la vitambaa, na badala ya kusubiri nifike niandike kwa kidole, nikaamua kuiambia simu iandike yenyewe. Nilikuwa nimewafundisha mbinu hiyo kwa majivuno makubwa. Sasa, lugha ya nyumbani kwetu ni Kirundi, na ulimi wangu haujawahi kuona tofauti kati ya l na r. Simu ikaandika ilichosikia, nami nikatuma bila kusoma.

Msiseme akina mama hawakushangaa. Mama Sesilia, mwenyekiti wao, Mpimbwe wa kule Mamba kwa wakulima wa mpunga, alinitumia sauti kuuliza kama kweli ni kura. Nikamjibu kwa sauti (hapo ndipo nilipojizika): "Ndiyo mama, ni kura. Watu si wanakuja kura?"

Wakamaliza wiki hiyo. Picha walizonitumia zilikuwa nzuri mno, ila zote zilikuwa za pembeni, za karibu, mshono kwa mshono, kama mwalimu alivyoagiza. Na vitambaa vyenyewe vililetwa mgahawani vimepigwa pasi na kukunjwa, maandishi yakiwa ndani.

Siku ya ufunguzi nikavaa shati la kitenge, nikashika kipaza sauti mkono mmoja na simu mkono wa pili, narusha mubashara, akina mama wakatandaza vitambaa kwa mkupuo mmoja, nami nikawaomba wageni wote wasome kwa pamoja. Wakasoma. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mimi nikadhani ni furaha (sikiliza, masikioni mwangu neno lilikuwa sahihi kabisa), nikawaambia warudie kwa sauti zaidi ili na walioko kwenye simu wasikie. Wakarudia. Mzee mmoja wa meza ya mbele akaweka soda yake chini akauliza kwa upole, "Mama Tegemea, unagombea udiwani au ubunge?"

Hapo ndipo nilipoinama kusoma. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Mama Tegemea hakucheka, alikuwa ananitazama tu, nami nikayaona mashuka, foronya na mapazia yanaondoka. Nikamgeukia Mama Sesilia, nikamuuliza kwa kunong'ona kwa nini hawakuniambia.

"Tulikuuliza, baba, ukasema kura," akasema. "Sisi tukajua mama wa watu anagombea. Lete hicho kipaza."

Akakichukua. Akawaambia wageni kwamba hawajakosea kusoma, leo ni kura kwanza: kuna vitambaa vya mpunga, vya mahindi na vya twiga, kila mtu akishamaliza soda aweke kizibo juu ya kile anachokipenda, na kitakachoshinda ndicho kitakacholala vyumbani kwa Mama Tegemea. "Na nyie wa kwenye simu msijifiche, andikeni tuone," akamalizia, akinisogezea simu yangu iangalie meza.

Basi watu walikula, wakanywa, wakazunguka meza kwa meza wakibishana kama kampeni kweli. Wapimbwe wakapigia debe mpunga, wafugaji wakalalamika kwamba ng'ombe amenyimwa fomu. Simu ikajaa ujumbe, na wengi hawakupiga kura hata kidogo, waliulizia watapataje kitambaa chenye maneno hayohayo. Mpunga ukashinda. Mama Tegemea akanyanyua kitambaa kimoja, akakisoma tena, safari hii akacheka mpaka akakaa, kisha akasema kazi ya vyumba vyote ni yetu, na hivi vya makosa visiguswe, vitabaki mezani.

Leo hicho ndicho kitambaa kinachotafutwa kuliko vyote, na akina mama wanakishona kwa makusudi. Mimi nimeapa kwamba simu haitaniandikia neno tena, hata la salamu.

Si kwamba wananiamini. Oda ya vyumbani ilipoanza, Mama Sesilia alinitumia sauti: "Mwalimu, foronya ziandikwe nini? Jibu kwa kidole. Mdomo tumeupa likizo."

Nikaketi, nikaandika herufi moja moja, Lala salama, nikampa jirani asome kwanza, ndipo nikatuma.