Tuta la Kubomoka

Karibu na Malampaka kuna kipande cha reli kisichokwenda kokote. Kimelazwa juu ya tuta la udongo mweusi wa mbuga, na kazi ya Ng'washi ni kulimwagia maji kutwa nzima hadi livimbe, lipasuke, na reli ipinde. Likibomoka, wahandisi wanaopima nguvu yake wanapiga makofi na kupiga picha. Kisha linajengwa jingine, naye anabeba tena mpira wa maji, mgongo ukimuuma.

Jana jioni alikuta ukuta wa jiko lake, uliojengwa juu ya udongo huohuo wa mbuga, umelala chini. Mumewe, Ngassa, alikuwa amesimama tu anautazama.

"Sasa tufanyeje, mama Scola?"

Ng'washi aliketi kwenye kifusi, akavua mabuti yaliyojaa tope.

"Piga makofi," alisema.