Siku Laini Haikukatika

Watu wa Keko walimwita Bi Zuena wa Simu, ingawa simu yenyewe aliileta mumewe. Marehemu Khalfani alikuwa fundi wa simu tangu enzi ambazo mtaa mzima ulikuwa na chombo kimoja, na chombo hicho kilikaa sebuleni kwa Bi Zuena, juu ya meza ya mninga, kimefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Simu ya mtu ikilia, ni yeye aliyejitanda khanga na kwenda kumwita, awe jirani wa ukuta au wa kule ng'ambo ya barabara. Misiba mingi na harusi nyingi za mtaa ule zilianzia sikioni mwake.

Kisha mashirika yakaanza kupunguza watu. Khalfani alikuwa katika fungu la mwanzo. Alirudi nyumbani na mkoba wake wa vifaa, akautundika nyuma ya mlango, na hakuishi sana baada ya hapo. Matanga yake hayajapoa, mtoto wao wa pekee, Mudathir, aliyekuwa akishinda bandarini kutafuta vibarua, akazamia meli. Hakumuaga mtu. Bi Zuena alimlilia kama aliyekufa, mpaka asubuhi ya Idd el-Fitri simu ilipolia na sauti ikatokea Durban.

"Mama, ni mie. Usilie, sarafu zinakwisha."

Tangu hapo alipiga kila Idd, akishasali. Mwaka mzima asingeleta barua wala salamu, lakini Idd hakuikosa. Nambari ile ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo, kwa kuwa baba yake alimwimbisha tangu akimbeba mabegani.

Kwa hiyo simu haikuwa ya kukatwa. Bi Zuena aliuza kabati, akauza kitanda cha wageni, akakaanga maandazi mlangoni, ilimradi bili ilipwe. Mwaka wa tisini na nane nguvu zilikuwa zikimwishia, ndipo akaja Elibariki.

Alikuwa kijana wa Machame, mpole wa sauti, aliyejifunza kompyuta kwenye ofisi moja ya mjini mpaka ofisi ikafungwa. Alitaka kufungua intaneti kafe upande ule, ambako hapakuwa na hata moja. Kompyuta za mtumba alikuwa nazo. Laini ya simu hakuwa nayo, na kuomba mpya ilikuwa kungoja hadi mvi ziote.

"Mama, mie nataka chumba cha mbele na laini yako," alisema. "Bili yote juu yangu."

"Na mtu akinipigia?"

"Mashine zikiwa hewani atakuta bize. Tukifunga jioni, simu ni yako."

Bi Zuena aliitazama simu, kisha akamtazama kijana. "Jioni mpaka asubuhi, yangu. Na Idd yangu, kutwa nzima. Siku hiyo usiguse kitu."

"Idd hata mie nitakuja kula pilau, mama."

"Pilau utakula. Mashine zilale."

Meza zilitengenezwa na maseremala wa ng'ambo ya barabara, na Elibariki akaunganisha kompyuta zote kwenye laini moja. Siku ya kwanza wateja walijaa kwa udadisi. Siku ya pili wakaanza kununa. Laini ilikatika kama uzi uliooza. Mtu akiandika nusu ya salamu, kila kitu kinaganda.

"Braza, hii intaneti yako ina pumu," alisema mmoja, na kafe nzima ikacheka. Elibariki naye alicheka, lakini jioni Bi Zuena alimkuta ameketi peke yake, chai imepoa mbele yake.

Alimpa mkoba wa Khalfani. Kijana akaweka ngazi ukutani, akafungua kiungo ambapo waya wa simu uliingia nyumbani, akakuta shaba imeliwa na kutu mpaka imebaki unga. Aliukata, akaukwangua, akauunga upya na kuufunga vizuri mvua isiufikie. Bi Zuena alisimama chini ameshika ngazi. Tangu Khalfani afariki hakuwa ameiona koleo ile mkononi mwa mtu.

Laini ikapata nafuu, lakini haikutulia. Elibariki akagundua kwamba seremala wa jirani akiwasha randa ya umeme, taa hufifia na laini hukatika. Akanunua betri ya gari na kifaa cha kugeuza umeme wake, akaipa modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, umeme wake yenyewe. Bado ilikatika mara moja moja, pasipo randa wala mvua. Alichunguza kwa siku kadhaa kabla hajabisha mlango wa ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani, mama. Hivi huwa unanyanyua mkonga wa simu mchana?"

Bi Zuena alishusha macho. "Nauinua kidogo tu. Nasikiliza kama i hai."

"Unasikia nini?"

"Mlio kama wa samaki kikaangoni."

Elibariki hakucheka. "Ukisikia hivyo ujue i hai. Lakini ukiinua, kule kwangu inakufa."

"Basi sitainua tena."

Na hakuinua. Alijifunza kuisikiliza kupitia ukutani: modemu ilipiga filimbi asubuhi, ikakoroma, ikanyamaza, naye akajua laini ni nzima. Elibariki akamalizia kazi kwa kuipangia kompyuta kubwa kwamba laini ikikatika, ipige tena yenyewe papo hapo. Pumu ikapona. Watu walikuja kutoka Chang'ombe na Mtoni. Mwalimu Adelina, aliyekuwa na mtoto anayesoma India, hakupitisha siku bila kuchungulia imeili, na barua ikija aliisoma kwa sauti, kafe nzima imsikie.

Ramadhani ikaingia, ikaenda. Usiku wa kuamkia thelathini mwezi haukuonekana, wakatangaziwa wafunge siku moja zaidi. Asubuhi yake harufu ya pilau ilitoka kwa jirani, Munira.

"Shoga, unakula mchana?" Bi Zuena alimwuliza juu ya ukuta.

"Sie tumefuata Makka. Uarabuni leo wanasali Idd."

"Nyie na Waarabu wenu. Mwezi wa Keko hamuuoni?"

"Mawingu, shoga. Mwezi upo."

"Haya, kula. Mie Idd yangu kesho, na mwanangu kesho. Huko Durban nako wanatazama mwezi wao."

Siku ile kafe ilifurika. Wenye ndugu Muscat na Dubai walipanga foleni mpaka barazani kutuma salamu. Bi Zuena aliloweka mchele, akatwanga viungo, huku akimsikia Adelina kule mbele akicheka na kulia kwa pamoja juu ya barua ya mwanawe. Kabla ya futari Elibariki aliingia na tende, uso unang'aa.

"Mama, leo haijakatika hata mara moja. Tangu asubuhi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Zuena, na alifurahi kwa dhati, kwa kuwa alijua kijana alivyohangaika.

Kesho yake kafe ilifungwa, mashine zikalala. Bi Zuena alivaa gauni jipya, akaketi kando ya simu. Wifi yake wa Tanga alipiga. Mtu mwingine alikosea nambari. Elibariki alikuja, akala, akanawa.

"Kapiga?"

"Bado."

Jua likazama. Idd Pili ikapita, kafe ikafunguliwa. Maandazi ya Bi Zuena juma lile yalikuwa na chumvi nyingi.

Masika yalikuwa yanaishia alipomwona Munira akiingia uani amejifunga khanga kiunoni, na nyuma yake shehe wa msikiti pamoja na kijana mgeni aliyekonda. Bi Zuena aliketi chini kabla ya kuambiwa. Mudathir alianguka ndani ya ghala la meli wakipakua mizigo katika bandari ya mbali. Waislamu wa bandari ile walimzika siku ileile.

Wakasali sala ya ghaibu, ya kumwombea aliyezikwa mbali. Elibariki alizima mashine zake, akawa anabeba mikeka na maji kama mtoto wa nyumba ile. Matanga yalipoanuliwa, Bi Zuena alimwita yule mgeni, Marijani, aliyefanya kazi na mwanawe meli moja.

"Niambie yote, baba. Idd alikuwa wapi?"

"Uarabuni, mama. Tulishaondoka Durban. Tulisali asubuhi, tukaenda kwenye simu za bandarini. Alipiga mpaka mchana, kila mara bize. Watu wa nyuma wakamtukana, akawapisha, akarudi tena mwisho wa foleni."

"Alikasirika?"

"Hata. Alifurahi. Alikuwa akihofia simu wameikata. Akasema, leo sikukuu, mama kajaza wageni, watu wanampa mkono wa Idd. Jioni tukang'oa nanga."

Bi Zuena alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. Siku nyingine yoyote ya zamani laini ingekatika, na katika mwanya huo mwanawe angepenya.

"Haya ya Idd usimwambie kijana wa kompyuta."

"Kwa nini, mama?"

"Kazi yake aliifanya vizuri."

Asubuhi iliyofuata Elibariki alisimama mlangoni mikono nyuma. "Mama, laini nimeiacha wazi, labda ndugu watapiga kutoa pole. Ukitaka niiache hivyo mwezi mzima, sawa. Ukitaka nihame, nitahama."

"Washa, mwanangu. Adelina tangu juzi anauliza barua ya mwanawe."

Modemu ikapiga filimbi ukutani, ikakoroma, ikanyamaza. Bi Zuena aliondoa kitambaa kilichofumwa, akakikunja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipoahidi, aliinua mkonga akauweka sikioni.

Kule mbele Adelina alilalamika: "Elibariki, imekatika."

Elibariki aliugeukia mlango wa ndani, ulikuwa umefungwa. Alinyoosha mkono akaizima modemu kabla haijaanza kupiga tena.

"Tusubiri kidogo, mwalimu," alisema.

Sikioni mwa Bi Zuena ule mlio wa kikaango ulikoma, ukaja mlio mmoja mrefu wa simu isiyo na mtu.